Mwaka wa Chuo Kikuu Huanza Lini? Habari za Waliofika Katikati

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Limepigwa chapa kama lilivyosomwa, ili wanafunzi walisome tena darasani.

MANENO YA SOMO HILI

Shahada: cheti apewacho mtu akimaliza masomo yake ya Chuo Kikuu.
Muhula: sehemu ya mwaka wa masomo, kipindi cha kusoma kabla ya likizo.
Kalenda: hesabu ya siku na miezi. Hapa maana yake ni tarehe za kazi za chuo.
Udahili: kumkubali mtu na kumwandika kuwa mwanafunzi.
Kuahirisha: kulisogeza jambo mbele mpaka wakati mwingine.

Kiongozi wa darasa: andika maneno haya ubaoni kabla ya somo kuanza. Kila mwanafunzi ayasome kwa sauti, kisha ayaandike katika daftari lake.

SOMO

Ndugu wasikilizaji, wanafunzi wa madarasa ya Simbo, ya Ujiji, ya Ilagala na ya pwani yote ya ziwa letu la Tanganyika, hamjambo? Karibuni tena katika somo la historia.

Leo tutazungumza juu ya jambo linaloweza kuingia katika nyumba yoyote. Kijana amemaliza kidato cha sita. Amefaulu. Barua imekuja, au habari imeonekana katika simu, kwamba amekubaliwa kusoma Chuo Kikuu. Lakini mwezi wa Oktoba umepita, na kijana yungali nyumbani. Labda fedha hazikupatikana. Labda aliugua. Labda mama yake alikuwa hospitali, naye ndiye aliyekuwa akimwuguza. Sasa ni Januari, au ni Februari, na wenzake wanasoma. Ndipo watu wa nyumba huuliza: Je, aweza kuanza katikati ya mwaka? Au mwaka wake umekufa?

Pengine mmoja wenu atasema, "Mwalimu, mimi nimejifunza juzi tu kuandika jina langu. Habari za Chuo Kikuu zanihusu nini?" Zakuhusu, ndugu yangu. Wewe ndiwe utakayeuza mawese ili mtoto asafiri. Wewe ndiwe utakayeambiwa, "Toa fedha leo, nafasi itapotea." Tena wewe mwenyewe umeingia darasani katikati ya maisha, wala si mwanzoni. Kwa hiyo habari ya mtu anayeanza wakati wenzake wamekwisha tangulia ni habari yako.

Na tutazame historia inatufundisha nini.

1. Kalenda ya dagaa na kalenda ya chuo

Wavuvi wetu wana kalenda yao. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, mitumbwi hupumzika. Kalenda hiyo haikuwekwa na mtu, nawe huwezi kuuambia mwezi usiwake.

Mkulima naye ana kalenda yake. Hapa kwetu mvua huanza mwezi wa Oktoba au Novemba, ndipo mahindi hupandwa. Aliyechelewa hadi Januari atavuna mahindi kidogo. Lakini hasemi kwamba shamba limekufa. Hupanda maharage au mhogo, naye hungoja msimu mwingine wa mahindi.

Kalenda ya Chuo Kikuu ni kitu cha namna nyingine. Hiyo iliwekwa na watu, wameketi mezani, wakaandika: masomo yataanza tarehe fulani, mtihani utakuwa tarehe fulani. Na kilichowekwa na watu, watu waweza kukibadili. Katika nchi yetu kimebadilishwa mara nyingi, kama mtakavyosikia.

Lakini msifikiri kwamba kalenda hii haina maana kwa kuwa imewekwa na watu. Ina sababu yake. Masomo ya Chuo Kikuu hupangwa kama matofali ya nyumba. Somo la muhula wa pili hukaa juu ya somo la muhula wa kwanza. Mwanafunzi wa hesabu aliyeukosa muhula wa kwanza akiingia katika wa pili, mwalimu atasema, "Kama tulivyoona mwezi wa Novemba," naye hakuona kitu. Ndiyo maana kila chuo huweka tarehe ya mwisho ya kujiandikisha. Hawawekei watu kinyongo; wanaogopa kumjengea mtu ukuta usio na msingi.

Basi swali letu si kama kuanza katikati ni vizuri au ni vibaya. Swali ni hili: yule aliyefika katikati, aupateje msingi ulio chini ya ukuta?

Kiongozi wa darasa: simama hapa kidogo. Waulize wanafunzi: ni kazi gani hapa kijijini ambayo mtu aweza kuiingia katikati, na ni kazi gani hawezi?

2. Mwalimu aliyefika mwezi wa Aprili

Mtu wa kwanza katika somo letu mnamjua wote. Ni Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa mwaka 1922 huko Butiama.

Nyerere alisoma Makerere, Uganda, tangu mwaka 1943 mpaka mwaka 1945. Lakini siku hizo Makerere haikuwa ikitoa shahada. Alitoka huko na cheti cha ualimu, akaenda kufundisha Tabora katika shule ya Mtakatifu Maria. Watu wa Kigoma mwaijua Tabora. Ndiyo njia ya gari moshi letu.

Mwaka 1949 akapata msaada wa fedha wa kwenda kusoma Uingereza. Alifika mwezi wa Aprili, akaenda mpaka mji wa Edinburgh, huko Uskoti. Sasa hesabuni pamoja nami. Siku hizo mwaka wa masomo wa huko ulianza Oktoba. Mwezi wa Aprili ni karibu mwisho wa mwaka. Wanafunzi waliomtangulia walikuwa wanajitayarisha kwa mitihani. Naye alikuwa na umri wa miaka 27, mtu mzima, mwalimu aliyekwisha fundisha watoto wa wenzake.

Alifanya nini? Hakuingizwa katika darasa la shahada palepale, wala hakurudi nyumbani. Alisoma masomo mafupi ya kemia na fizikia. Akafanya mtihani wa Kiingereza, ule uliotakiwa na vyuo vikuu vya Uskoti kabla ya kumpokea mtu. Akafaulu. Oktoba 1949 ilipofika, alikubaliwa kusoma shahada ya sanaa, naye akaanza pamoja na wengine. Mwaka 1952 akaimaliza, akarudi nyumbani, akafundisha Pugu. Mwaka 1954 akawa kiongozi wa TANU. Yaliyofuata mnayajua.

Yafaa tuiangalie sana ile miezi baina ya Aprili na Oktoba. Mtu mwingine angaliiita miezi ya kungoja. Kumbe ndiyo iliyokuwa msingi. Kama angalikaa bure mpaka Oktoba, angalifika mlangoni bila ule mtihani uliotakiwa. Alifika nje ya msimu, akautumia muda ule kuondoa pengo lililokuwako kati ya alichokuwa nacho na kilichotakiwa.

Hili ndilo jambo la kwanza la kushika: mlango ukiwa umefungwa, uliza nini kinatakiwa mlangoni, ukitafute wakati unangoja.

3. Chuo kilichoanza kabla ya kuwa na nyumba yake

Kuna nyakati mwanafunzi ndiye anayechelewa. Lakini kuna nyakati nchi nzima ndiyo iliyochelewa.

Tanganyika ilipokaribia Uhuru ilikuwa haina Chuo Kikuu. Uganda ilikuwa na Makerere, Kenya ilikuwa na chuo cha Nairobi. Kijana wa Kigoma aliyetaka masomo ya juu alilazimika kuvuka mpaka au kuvuka bahari. Tena hata Makerere na Nairobi hazikuwa zikifundisha sheria, na nchi inayojitawala yahitaji wanasheria wake.

Kama viongozi wangalifuata utaratibu wa kawaida, wangalingoja. Wangalijenga kwanza majumba, wangalileta vitabu, ndipo wawaite wanafunzi. Hawakungoja. Tarehe 25 Oktoba 1961 Chuo kilifunguliwa Dar es Salaam, ndani ya jumba la TANU, katika mtaa uitwao Lumumba. Somo lilikuwa moja tu, sheria. Wanafunzi hawakuzidi 14. Kutoka siku hiyo mpaka Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 ni majuma sita na siku chache.

Majumba ya Mlimani yalikuja baadaye, Chuo kikahamia huko mwaka 1964. Mwaka 1963 kilikwisha kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi. Chuo hicho cha nchi tatu kikagawanyika, na tarehe 1 Julai 1970 kikazaliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Tazameni, ndugu zangu. Nchi ilianza masomo yake katikati ya safari, bila nyumba yake mwenyewe. Lakini haikuanza bila msingi. Mwanzoni Chuo kilishikamana na Chuo Kikuu cha London, na masomo yakafuata kipimo cha huko. Nyumba iliweza kuazimwa. Kipimo cha elimu hakikulegezwa. Hilo ni jambo la pili la kushika.

4. Miaka iliyokatika

Mara nyingine mwanafunzi ameanza pamoja na wengine, kisha mwaka ukakatika mikononi mwake.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana Dar es Salaam mpaka Ikulu, wakiupinga utaratibu mpya wa kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa. Rais Nyerere, ambaye yeye mwenyewe alikuwa ameutafuta ule mlango wa elimu kwa taabu, aliwarudisha nyumbani wanafunzi 393. Wakati huo nchi ilikuwa na wasomi wachache mno. Wazazi waliokuwa wakimngoja mtoto arudi na shahada wakamwona akirudi na sanduku. Baadaye wengi wao walipokelewa tena, wakaanza upya pale walipokatia.

Mwezi wa Mei mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungwa kwa sababu ya mgogoro baina ya wanafunzi na Serikali, kikafunguliwa tena mwanzoni mwa mwaka 1991. Jirani zetu wa Kenya walipatwa na jambo kama hilo. Baada ya jaribio la kuipindua Serikali tarehe 1 Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa muda mrefu. Wanafunzi waliomaliza shule wakarundikana mlangoni, hata ikalazimu mwaka 1987 kuchukua makundi mawili kwa mara moja. Vyumba vilikuwa vilevile, walimu walewale, na wanafunzi mara mbili.

Na mwaka 2020 wote mwakumbuka. Ugonjwa wa korona ulipoingia nchini mwezi wa Machi, shule na vyuo vilifungwa. Vyuo na kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni 2020. Mtihani wa kidato cha sita, ambao hufanywa mwezi wa Mei, mwaka huo ulianza mwishoni mwa Juni. Nchi nzima ilisogeza kalenda yake.

Kwa nini nawaambia habari hizi? Kwa sababu mzazi akimwona mtoto amekatika masomo, hudhani ni laana ya nyumba yake peke yake. Sivyo. Mwaka wa masomo umewakatikia wengi, wenye makosa na wasio na makosa. Wengi waliomaliza si wale ambao hawakukatika kamwe. Ni wale waliohifadhi karatasi zao, wakajua walipoishia, wakarudi siku mlango ulipofunguliwa.

Kiongozi wa darasa: simama hapa. Mwanafunzi mmoja aandike ubaoni tarehe hizi: 1949, 1961, 1966, 1990, 2020. Wengine waeleze kilichotokea kila mwaka.

5. Azimio la Musoma

Sasa nawaletea habari ya wakati ambapo kuanza katikati ya maisha kulifanywa kuwa sheria.

Mwezi wa Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma. Jambo moja lililoamuliwa huko linajulikana sana: kila mtoto apate elimu ya msingi, na kazi hiyo itimizwe kufikia mwaka 1977. Jambo la pili husahauliwa. Iliamuliwa kwamba kijana asitoke kidato cha sita akaingia Chuo Kikuu moja kwa moja. Kwanza atumikie Jeshi la Kujenga Taifa. Kisha afanye kazi. Halafu, akiwa amependekezwa na waliomwona kazini na tawi la chama, ndipo aombe nafasi.

Fikira ilikuwa njema. Mtu aliyekwisha fanya kazi hujua anasoma kwa ajili gani. Anapofundishwa kilimo, amekwisha shika jembe. Anapofundishwa uongozi, amekwisha ongozwa vizuri na vibaya.

Lakini kila mlango una kizingiti chake. Wasichana wengi, wakiwa wanangoja kwa miaka, waliolewa, wakapata watoto, na njia ya Chuo ikajaa majani. Idadi ya wanawake waliokuwa wakiingia ikapungua. Serikali ikaliona jambo hilo, na baada ya miaka michache wasichana wakaondolewa sharti lile. Masomo mengine, kama ya sayansi na uhandisi, nayo yakalegezewa, maana yalikosa watu. Hatimaye kanuni yenyewe ikaachwa, na vijana wakarudi kuingia moja kwa moja.

Hapa twajifunza jambo la tatu. Kungoja si sawa kwa kila mtu. Miaka miwili ya kungoja kwa kijana wa kiume yaweza kuwa miaka ya kazi. Miaka miwili hiyohiyo kwa msichana yaweza kuwa mwisho wa masomo. Basi mzazi anayesema, "Binti angoje mwakani," ajiulize: Je, nyumbani kwangu binti huyu atapewa nafasi ya kusoma wakati anangoja, au atapewa ndoo na mtoto wa kumbeba?

Pamoja na hayo ulikuwako mlango mwingine kwa watu wazima. Mtu wa miaka 25 au zaidi, asiyekuwa na vyeti vya kidato cha sita, aliweza kufanya mtihani maalumu wa watu wazima, akifaulu akaingia Chuo Kikuu. Makarani, walimu, askari na wafanyakazi wa vyama waliusomea mtihani huo usiku, kwa taa. Siku hizi mlango huo umepata utaratibu mwingine, wa kupima ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa.

6. Chuo kilichoanza Januari

Mlango mkubwa zaidi ulijengwa miaka ya tisini. Bunge lilipitisha Sheria Namba 17 ya mwaka 1992, na kwa sheria hiyo kikaundwa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Kilianza rasmi tarehe 1 Machi 1993, kikazinduliwa tarehe 19 Januari 1994.

Sikilizeni mwezi huo: Januari. Wakati vyuo vingine vilikuwa katikati ya mwaka, hiki kilikuwa kinaanza.

Jina Huria lina maana yake. Mwanafunzi hahitaji kuhamia Dar es Salaam. Hupewa masomo yake, akasoma nyumbani, akaenda kituo cha mkoa kwa mashauri na kwa mitihani. Chuo hicho kina vituo katika mikoa, na Kigoma kimo. Tena huchukua wanafunzi zaidi ya mara moja kwa mwaka, kikamwacha mtu aende kwa mwendo wake. Mwalimu wa shule ya Simbo aweza kufundisha mchana na kusoma shahada usiku.

Kwa mtu wa Kigoma jambo hili si dogo. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na njia yake mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Kwa miaka mingi kijana wa huku aliyetaka shahada alikuwa hana budi kuimaliza njia hiyo yote kwanza. Chuo Huria kiliigeuza safari: masomo ndiyo yaliyokuja Kigoma.

Lakini msidanganyike kwamba mlango mpana ni mlango rahisi. Anayesoma peke yake hana kengele ya kumwamsha, wala hana mwenzake wa kumwuliza jirani. Wengi huanza kwa moto, wakazimika. Anayetaka njia hii ajiwekee mwenyewe kalenda, aitii kama wavuvi wanavyoutii mwezi.

Na kwa vyeti vilivyo chini ya shahada, vyuo vingine vya ufundi na vya kati hupokea watu mwezi wa Machi. Kijana aliyeikosa Oktoba, na alama zake hazikutosha kwa shahada, aweza kuanza hapo, akapanda ngazi moja moja.

7. Hesabu ya nyumbani

Sasa na turudi Simbo, tupige hesabu ya nyumba ya mkulima na mvuvi.

Chuo hufungua Oktoba. Mvua nayo huanza Oktoba au Novemba. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba nauli ya mtoto, na ada, na fedha za chumba, hutakiwa mwezi uleule ambao mzazi anatafuta mbegu na jembe, na chakula ghalani kimepungua. Yule aliyeketi mezani akaweka kalenda ya chuo hakuwa na nia mbaya, lakini hakuwa akilima Simbo.

Hata ziwa nalo lina miezi yake. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kutoka tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane. Ni jambo lenye faida kwa ziwa. Lakini nyumba iliyotegemea dagaa ilibaki na mwezi mmoja na nusu tu wa kukusanya fedha kabla ya Oktoba. Aliyelijua jambo hilo mapema aliweka akiba mwezi wa Machi na Aprili. Asiyelijua alikopa.

Serikali iliunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kwa sheria ya mwaka 2004, nayo ikaanza kazi mwaka 2005. Bodi hii imewasaidia watoto wengi wa wakulima. Lakini nayo ina kalenda yake. Maombi hupokelewa kabla ya mwaka wa masomo kuanza, na yanataka karatasi: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, sahihi za mdhamini. Kwa hiyo anayefikiri kuanza katikati ya mwaka asiulize chuo peke yake, "Mtanipokea?" Aiulize na Bodi, "Je, nikianza wakati huo, mkopo utanifuata?" Wako watu waliopata nafasi wakakosa mkopo, wakarudi nyumbani na deni.

Haya ndiyo mambo ya kufanya, ndugu zangu, mtoto akiikosa Oktoba.

Kwanza, soma barua wewe mwenyewe. Tafuta tarehe ya mwisho ya kujiandikisha. Sasa wajua kusoma. Usimpe mtu mwingine macho yako. Kama tarehe haijapita, uza unachoweza kuuza, aende.

Pili, kama tarehe imepita, au inakaribia na njia hakuna, kijana aandike barua kwa chuo kuomba kuahirisha. Vyuo vingi vina utaratibu huo. Anayeandika hubaki katika daftari la chuo. Anayenyamaza huhesabiwa kuwa amekataa nafasi. Nakala ya barua ihifadhiwe.

Tatu, kama kuna chuo kinachopokea watu katikati ya mwaka, kijana aulize: Je, nitaanza na masomo ya muhula wa kwanza, au nitaingizwa katika ya pili? Kama ni ya pili, yale ya kwanza nitayasoma lini? Akijibiwa vizuri, aingie. Asipojibiwa, angoje.

Nne, muda wa kungoja usiwe mtupu. Na ajifunze kompyuta kama yapatikana. Na aurudie mtihani wa somo lililomwangusha. Na awafundishe watoto wa darasa la saba, maana anayefundisha hujifunza mara mbili. Huko Edinburgh miezi sita ilitosha kwa mtu mmoja kujaza pengo lake.

Tano, jihadharini na wauza nafasi. Atakuja mtu aliyevaa vizuri, au sauti katika simu, akisema, "Nipe fedha, mtoto ataingia Chuo Kikuu wiki ijayo, hata kama ni katikati ya mwaka." Nafasi ya Chuo Kikuu haiuzwi barazani. Iko Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yenye kazi ya kusimamia vyuo na udahili. Chuo ambacho Tume haikijui, usikipe hata shilingi. Ulizeni kwa afisa elimu, ulizeni shuleni, ulizeni kituo cha Chuo Huria Kigoma mjini. Kuuliza hakulipiwi.

8. Tulilojifunza

Ndugu wasikilizaji, tumeona mtu mmoja aliyefika Edinburgh katikati ya mwaka, akautumia muda wake kujenga msingi. Tumeona nchi iliyoanza Chuo bila nyumba, lakini kwa kipimo kamili. Tumeona miaka iliyokatika, na waliorudi. Tumeona Musoma, ambako mlango uliwekwa katikati ya maisha, ukawafaa wengine na kuwaumiza wengine, mpaka ukarekebishwa. Tumeona Chuo kilichozinduliwa Januari ili aliye mbali apate kuanza.

Kutoka habari zote hizi twapata neno moja. Mwaka wa masomo ni kazi ya watu, nao waweza kufunguliwa mahali pengine tofauti na mwanzo. Lakini msingi hauwezi kurukwa. Anayefika katikati ataupata mlango, ikiwa atakubali kurudi kuusoma mwanzo.

Nanyi mlio darasani jioni hii mmelitenda neno hilo tayari. Hamkuwa shuleni wakati wenzenu walipokuwa shuleni. Mmekuja baadaye, na hamkuanza na kitabu kikubwa. Mlianza na a, e, i, o, u. Kwa hiyo kijana wako akikaa nyumbani Januari hii na kichwa kimeinama, wewe ndiye mtu wa kumwambia namna ya kuanza.

Kwaherini mpaka somo lijalo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Nyerere alifanya nini kati ya Aprili na Oktoba mwaka 1949? Kwa nini hakuanza shahada siku alipofika?
2. Kwa nini Chuo cha Dar es Salaam hakikungoja majumba yake mwaka 1961?
3. Azimio la Musoma liliwafaa nani? Liliwaumiza nani? Toeni sababu.
4. Katika nyumba zenu, ni miezi gani fedha hupatikana, na ni miezi gani hupotea? Pangeni pamoja namna ya kuweka akiba ya Oktoba.

KAZI YA KUANDIKA

Andika barua fupi ya mistari sita kwa Chuo Kikuu, kwa niaba ya kijana aliyeugua, ukiomba aahirishe kuanza masomo mpaka mwaka ujao. Weka tarehe, jina, sababu na ombi. Mwenzako aisome, akuonyeshe kilichokosekana.